Arvo Kinnunen, Aliyesimamia Uwanja wa Shabaha wa Ziwa Pihlaja

Ndugu, majirani, wazee wa kanisa, na ninyi nyote mliopitia mikononi mwake mkiwa skauti: mimi ni Gail, bintiye wa pekee. Mama ameniomba nisome maisha ya Baba bila kupunguza kitu. Aliniambia, "Usimpake asali, Gail. Mwenyewe angekukatiza."

Arvo Johannes Kinnunen alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika kijiji cha Hautala, kaskazini mwa Michigan, mtoto wa kwanza wa Eino Kinnunen, mchimba shaba, na mkewe Lempi. Miaka mitatu baadaye alizaliwa mdogo wake, Leonard.

Tarehe 15 Novemba 1953, siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda paa, Babu Eino alirudi kutoka msituni, akatundika bunduki ukutani jikoni, akaenda kuoga mvuke kwenye sauna. Baba, mwenye miaka kumi na miwili, aliishusha ili aisafishe, kama alivyoagizwa kila mara. Ilikuwa na risasi. Leonard alikuwa mezani akila mkate wa iliki. Risasi ilimwingia shingoni, naye alikufa kabla Bibi Lempi hajafika kutoka ghalani.

Babu alimchapa Baba kwa mkanda wa farasi mpaka mgongo ukafunguka. Bibi alipojitupa katikati, alichapwa naye. Makovu yale Baba alikuwa nayo mpaka juzi, waliomwosha wameyaona.

Alisoma shule ya msingi ya Hautala, kisha sekondari, akamaliza mwaka 1959. Hakuwa na marafiki wengi. Wenzake walimwita Muuaji, na mwaka 1956 alimng'oa mmoja wao meno mawili kwenye ngazi za shule kwa sababu ya jina hilo. Baba mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alisema kilichomtisha hakikuwa damu, bali jinsi alivyojisikia vizuri.

Kuanzia mwaka 1960 alitumikia jeshi miaka mitatu, akifundisha makurutu kulenga shabaha. Aliporudi aliajiriwa fundi wa magari ya barabara ya wilaya, yale yanayosukuma theluji, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2001.

Alimpenda Ilene Saari, mpishi wa shule. Kabla ya kumchumbia alimpeleka ufukweni kwa gari, akamwambia habari ya Leonard tangu mwanzo mpaka mwisho. Mama alikuwa amebeba sambusa kubwa za nyama na viazi, zile wanazokula wachimba shaba. Alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwekea moja mkononi. "Haya, umeniambia. Sasa kula, inapoa." Walifunga ndoa tarehe 11 Juni 1966, nami nikazaliwa mwaka 1968.

Babu Eino aliugua mapafu, akafa Februari 1972. Baba ndiye aliyekuwa akimnyoa. Siku moja Babu alimshika mkono wenye wembe. "Niliiacha na risasi, Arvo. Nilijua siku ileile."

"Najua, Baba. Tulia, nitakukata."

Akaendelea kumnyoa.

Kiangazi cha mwaka 1967 Kambi ya Skauti ya Ziwa Pihlaja ilitafuta mtu wa kusimamia uwanja wa shabaha. Wengi hapa Hautala walinong'ona: huyo tena? Baba aliwajibu kuwa hakuna mtu wilayani mwenye sababu kubwa kuliko yake. Akapewa, na Mama akapewa jiko la kambi.

Wengi wenu mnaweza kumwiga hata leo. Mtutu mbele. Kidole nje. Chemba ya risasi wazi mpaka niseme. Bunduki isiyo na risasi haijazaliwa. Na kanuni aliyoipenda kuliko zote: yeyote akiona hatari, hata mtoto mdogo kuliko wote, apige kelele "Acha kupiga!", na kila mtu aache papo hapo bila kuuliza nani kasema. Jaji mmoja wa wilaya aliwahi kuvuka mstari wa manjano wa usalama akitaka kuona karatasi ya shabaha ya mwanawe. Baba akamwambia, "Mheshimiwa, rudi ukakae kwenye benchi na wenzako." Jaji akakaa nusu saa na watoto wa miaka kumi na mmoja, akinyonya peremende waliyompa.

Sasa nifike mahali ambapo Mama alisema nisiruke.

Julai 1979 kijana Kenny Tervo, mwenye miaka kumi na mitatu, aligeuka na bunduki mkononi ili acheke na wenzake, mtutu ukawapitia watu sita vifuani. Baba akamwonya. Kesho yake akarudia. Baba akamwondoa uwanjani kwa wiki nzima, na Kenny akampigia baba yake simu.

Alhamisi tarehe 19, baada ya chakula cha mchana, Gordon Tervo alifika amelewa, na bunduki yake ya kuwindia paa mkononi. Kenny alikuwa akimkimbilia nyuma, akimsihi warudi garini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimesimama kwenye benchi na birika la maji. Vijana wanane walikuwa wamelala kwenye mikeka wakilenga.

Baba alimwona kabla yetu. "Acha kupiga! Chemba wazi. Bunduki chini. Njooni nyuma ya benchi mlale kifudifudi. Gail, na wewe." Hakupandisha sauti. Vijana wanane walifanya hivyo hatua kwa hatua, kama walivyofundishwa, na ndiyo sababu wote wanane wamezeeka.

"Nani kamfukuza mwanangu?"

"Mimi. Elekeza mtutu chini, Gordon, halafu tutaongea mpaka jioni ukitaka."

"Wewe unifundishe mimi bunduki? Wewe uliyemuua mdogo wako?"

Vijana walikuwa hawajui. Mimi pia nilikuwa sijui.

"Ndiyo, ni mimi," Baba alisema. "Ndiyo maana nakuambia elekeza chini."

Gordon alifyatua. Risasi ilipenya paja la kushoto la Baba. Nakumbuka alitazama suruali yake kama mtu aliyemwagiwa uji, kisha akaanza kutembea kumwelekea. Gordon alikuwa akivuta bolti apige tena Baba alipoushika mtutu na kuusukuma juu. Risasi ya pili ilitoboa paa la bati. Akamnyang'anya bunduki, akamtandika kwa kitako usoni. Gordon akaanguka chali, mikono wazi, hana kitu.

Mambo yangeishia hapo. Baba alimpiga tena. Taya lilivunjika, mlio wake ulikuwa kama wa kuni kavu. Akampiga mara ya tatu, kwenye jicho. Akampiga mara ya nne. Damu ilikuwa hadi kwenye mstari wa manjano. Uso wa Baba sijawahi kuuona hivyo, kabla wala baadaye. Hakuna aliyesogea.

Ndipo Kenny akapiga kelele kwa sauti iliyokuwa bado haijakomaa: "Acha kupiga!"

Baba aliacha. Kitako kilikuwa juu hewani, akaacha. Akafungua chemba, akatoa risasi, akailaza bunduki kwenye mkeka mtutu ukielekea shabaha, akarudi nyuma ya mstari, akaketi, ndipo akazimia.

Gordon alipoteza jicho, akafungwa miaka minne. Hakumsamehe Baba, na alikufa bila kumsemesha. Kamati ya kambi ilitaka kumpa Baba nishani. Aliikataa. Katika taarifa ya tukio aliandika hivi, na nakala ninayo: "Pigo la kwanza lilikuwa la lazima. Matatu yaliyofuata yalikuwa yangu. Naomba niondolewe uwanjani." Kamati ikabishana naye mwezi mzima. Kiangazi cha 1980 hakukanyaga uwanjani. Alikaa jikoni akimenya viazi vya Mama.

Walipomtaka arudi, aliwaambia wamuulize kwanza mama yake Kenny. Mama yule akajibu, "Arudi. Watoto wa wenzangu wanamhitaji. Ila asije nyumbani kwangu." Baba alirudi mwaka 1981, na hakwenda nyumbani kwake. Kenny alimwandikia barua moja, mwaka 1994. Baba aliisoma kwenye gari, akakaa humo hadi chakula kikapoa. Hatukuonyeshwa.

Alisimamia uwanja ule misimu arobaini na moja. Hakuna mtoto aliyewahi kuumizwa na risasi pale. Asubuhi moja ya Julai 2008, akimwonyesha mtoto jinsi ya kushika bunduki, aliona kidole chake kinatetemeka chenyewe. Aliiweka chini, akatembea hadi ofisini, akakabidhi ufunguo wa stoo ya bunduki. Daktari alikuja kuupa ugonjwa jina mwezi Septemba.

Ugonjwa wa kutetemeka ulimtafuna miaka kumi na mmoja. Ulichukua mikono, miguu, mwishowe sauti. Mama alimnywesha kahawa kwa kijiko, naye akimlaumu kwa macho kwamba sukari haitoshi. Nimonia ilimpata Septemba hii, akafariki nyumbani Jumapili tarehe 6 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minane.

Ameacha mjane, Ilene. Binti, mimi Gail, na mume wangu Dale. Na wajukuu wawili, Aaron na Tess.

Askari wastaafu walituomba wapige risasi za heshima kaburini. Walistahili kuomba, naye alistahili kupigiwa. Lakini mwaka 2010, mkono ulipokuwa bado unaandika, alituachia karatasi yenye mstari mmoja: "Siku ya kunizika asifyatue mtu kitu chochote, kutakuwa na watoto."

Mabwana mliovaa sare, asanteni kwa kuja mikono mitupu. Bwana amlaze Arvo mahali pa utulivu.