Mfupa Ulimini Mwangu na Jina la Shangazi Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu, hata na mimi ninayesimama hapa nikiwa nimeinamisha kichwa!

Mwaka jana mlinipigia makofi mbele ya madhabahu hii. Leo nimekuja kuyafuta niliyoyasema siku ile.

Mnanijua, mimi ni mtu wa kuzurura. Tangu nimalize kidato cha nne nimekaa Isiolo, Marsabit na Embu, na kote huko niliota ukungu wa hapa kwetu Muthara na moshi wa jikoni kwa shangazi Kinya, aliyenilea mama alipofariki. Kila nilipoondoka alinitemea mate kidogo viganjani, kama wazee wetu wanavyobariki, akasema, "Nenda, na urudi na meno yote."

Nilikuwa Embu nikipaka nyumba rangi nilipohisi kitu kigumu nyuma ya ulimi, kama punje ya mahindi. Kikakua. Nikimeza ugali, natapika. Nikamulika tochi mbele ya kioo nikaona uvimbe, mgumu kama jiwe. Ndugu zangu, niliogopa kufa! Nikatafuta wa kulaumu, nikayakumbuka yale mate.

Nikarudi, nikasimama hapa, nikasema shangazi ameniroga. Mkaomba, mkakemea, nami nikaitikia amina huku uvimbe uko pale pale. Tangu wiki ile hakuna aliyenunua ndizi zake sokoni. Akina mama walisogeza magunia yao mbali naye. Akaacha kuja kanisani.

Uji nao uliponishinda, nilienda hospitali Nkubu. Daktari, msichana mdogo tu, aliukata ule uvimbe, akautia kwenye chupa. Ukasikika ukigonga kioo.

"Mzee, huu ni mfupa."

"Mfupa kwa ulimi? Nani aliuweka?"

Akacheka. "Hakuna aliyeuweka. Huota wenyewe, mara chache sana, na hatujui vizuri ni kwa nini. Si saratani. Ukipona, nenda ukale githeri, mahindi kwa maharagwe."

Badala ya kufurahi, nililia kwa aibu.

Nilienda kwa shangazi na ile chupa. Hakuitazama. Nikapiga magoti nikamwomba anisamehe, anibariki tena.

"Mutwiri, leo mate yangu yamekuwa dawa? Ulinishtaki mbele ya watu, halafu unaniomba msamaha jikoni, tukiwa wawili! Nenda ukaseme pale uliposemea."

Basi nasema. Shangazi Kinya hakuniroga. Nilimsingizia kwa sababu ya woga. Namshukuru Mungu aliyeutoa mfupa kwa mikono ya daktari, na leo anautoa uongo mbele yenu. Huu ndio unaouma zaidi!

Ndugu zangu, mwaminini Yeye, msiuamini woga wenu kama mimi. Ibada ikiisha, asije mtu kunipa mkono. Nitatembea hadi kwa shangazi. Aliyesogeza gunia lake, twende pamoja. Asipotufungulia, tutaketi uani mpaka atoke, na mimi nitaketi mbele, mahali atakaponiona kwanza.