Rangi ya Chini ya Pikapu

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

MWENYE PIKAPU: Mimi shemeji yako. Simu ya jirani hii, yangu imezama kwenye dimbwi la serikali.

FUNDI: Dimbwi la serikali ndiyo nini?

MWENYE PIKAPU: Lile shimo mbele ya nyumba yangu. Lina mwenyewe mwingine? Hujambo lakini?

FUNDI: Sijambo. Mbona sauti yako kama uko ndani ya pipa?

MWENYE PIKAPU: Niko chini ya pikapu.

FUNDI: Mungu wangu! Imekulalia?

MWENYE PIKAPU: Tulia, bwana! Mtandao wa mtaa huu unashika chini ya pikapu tu. Wakubwa walikuja kuzindua mnara, wakakata utepe, wakapiga picha, wakaenda zao. Ukisimama hupati kitu. Ukilala chali hapa chini ya giaboksi, vijiti viwili.

FUNDI: [anacheka]

MWENYE PIKAPU: Cheka, cheka. Mimi kutu inaniingia mdomoni. Sasa sikia. Alhamisi ukaguzi. Mkaguzi kaapa, akikuta chasisi imeliwa ananing'olea namba, pikapu inakwenda kupimwa kilo kwa watu wa vyuma chakavu. Na viti vyangu mia mbili vya kukodisha nitavibeba kichwani? Nataka rangi. Ya chini. Ile ya kukaa.

FUNDI: Leo Jumatatu. Ndiyo unakumbuka leo?

MWENYE PIKAPU: Barua yao imefika leo! Imeandikwa mwezi uliopi—

FUNDI: Haya, haya. Ulikuwa unapaka nini siku zote?

MWENYE PIKAPU: Oili chafu.

FUNDI: Shemeji! Oili inakusanya vumbi, vumbi linanyonya maji. Umeivika gari blanketi bichi.

MWENYE PIKAPU: Basi nimeshapata dawa. Nimetoka dukani, nimenunua kopo. Lina picha ya kiboko.

FUNDI: Limeandikwaje?

MWENYE PIKAPU: Unanijua mimi na maandishi. Nimeangalia picha. Kiboko anashinda majini mwaka mzima, umeshamwona ana kutu?

FUNDI: Kiboko ana chasisi?

MWENYE PIKAPU: Ana mifupa.

FUNDI: Lifungue unuse. Linanuka kama nini?

MWENYE PIKAPU: [mkwaruzo] Kama barabara mpya. Sijainusa tangu ujana wangu, lakini ndiyo hii.

FUNDI: Basi ni lami hiyo. Si mbaya, ila ukiipaka juu ya kutu, kutu inakaa ndani inakula kimyakimya. Ni kumvika mgonjwa suti. Mrudishe kiboko dukani.

MWENYE PIKAPU: Basi nitafutie ile ya mheshimiwa.

FUNDI: Mheshimiwa gani tena?

MWENYE PIKAPU: Yule waliyemchora ukutani kwangu wakati wa kampeni bila kuniomba. Miaka mitano! Mvua, jua, mbuzi wanajikuna hapo kila siku, na meno yake bado meupe. Ahadi zote zimefutika, sura ipo. Rangi ile, shemeji, ndiyo kitu pekee cha kudumu tulichopata kwao.

FUNDI: [anacheka] Ile ya ukuta! Kwenye chuma inabanduka kama ngozi ya—haloo? Haloo?

MWENYE PIKAPU: Nipo, nilisogea kidogo. Ukisogea kwenye ekseli wanakukata.

FUNDI: Una nyundo hapo? Gonga chasisi, anzia nyuma, nisikie.

MWENYE PIKAPU: [bufu, bufu] Ptuu! Yote mdomoni.

FUNDI: Hapo pameoza, patatiwa kiraka cha chuma. Njoo katikati.

MWENYE PIKAPU: [tak, tak]

FUNDI: Hapo ni kutu ya juu tu. Brashi ya waya inatosha. Mbele, upande wa abiria?

MWENYE PIKAPU: Huko hakuna haja.

FUNDI: Gonga tu.

MWENYE PIKAPU: Nimesema hakuna haja.

FUNDI: Nitajuaje sasa? Gonga!

MWENYE PIKAPU: [ting, ting, ting]

FUNDI: Eh! Rudia.

MWENYE PIKAPU: [ting]

FUNDI: Hiyo kengele! Gari yote ni maiti, hapo pazima? Pana nini?

MWENYE PIKAPU: Pana rangi. Ya bluu.

FUNDI: Ya zamani? Basi nikija nakwangua yote mpaka chuma, tunaanza upya ili—

MWENYE PIKAPU: Hapo hukwangui.

FUNDI: Kazi ya rangi haifanywi nusu nusu, sheme—

MWENYE PIKAPU: Hapo hukwangui! Bora Alhamisi waichukue gari yenyewe.

FUNDI: Bluu ipi hiyo?

MWENYE PIKAPU: Ya mlango wa jikoni.

FUNDI: Alipaka nani? Dada yangu?

MWENYE PIKAPU: Mtandao unakatika.

FUNDI: Haukatiki, nakusikia unavyohema. Kwangua kidogo kwa ukucha, pembeni tu. Chini ya bluu kuna nini?

MWENYE PIKAPU: Kijivu.

FUNDI: Kijivu kinachong'aa kidogo? Kama bati?

MWENYE PIKAPU: Kama bati.

FUNDI: Hiyo ni zinki! Rangi ya msingi ya zinki! Kopo langu! Kopo langu lililoibiwa karakana, miaka sita nalitafuta! Nilikutangaza mwizi wewe, kwenye harusi ya binti yako, na kipaza sauti mkononi!

MWENYE PIKAPU: Nakumbuka. Kilikuwa kipaza sauti changu cha kukodisha.

FUNDI: Na ulijua ni yeye?

MWENYE PIKAPU: Nilijua.

FUNDI: Ukanyamaza?

MWENYE PIKAPU: Aliniomba nisikwambie.

FUNDI: Shemeji, dada tumemzika mwaka wa tatu huu.

MWENYE PIKAPU: Ndiyo. Hajaniambia kama sasa ruhusa.

FUNDI: [spana inaanguka]

MWENYE PIKAPU: Upo?

FUNDI: Nipo. Alipakaje?

MWENYE PIKAPU: Siku nzima anakwangua, uso mwekundu kwa kutu, mpaka chuma kikawa kama kijiko. Akapaka kijivu. Akaacha kikauke, wala hakuna aliyemfundisha. Kesho yake bluu, jioni bluu tena. Mimi nimesimama na chai yangu namwambia, mama, chini ya gari nani anaona?

FUNDI: Akasemaje?

MWENYE PIKAPU: Akasema matope yanaona.

FUNDI: [anacheka, anakohoa] Ndiye huyo. Sasa mbona aliishia upande wake?

MWENYE PIKAPU: Kopo liliisha. Akaniambia nitafute jingine nimalizie.

FUNDI: Na wewe?

MWENYE PIKAPU: Nilikuwa nasubiri serikali itengeneze barabara.

FUNDI: Sikia. Kesho alfajiri niko hapo na zinki. Nakwangua kote, pale pake nazungushia, siweki hata kidole. Halafu bluu ileile, mbele mpaka nyuma. Usiipake lami kabla—

MWENYE PIKAPU: Brashi nashika mimi.

FUNDI: Hujui kupaka.

MWENYE PIKAPU: Utanielekeza. Na wewe ndiye utasimama na chai—we jirani, niache mguu! Ananivuta, anasema salio lake linaisha. Mtu ana salio, hana ubinadamu, kama wale wale tu—

FUNDI: Mwambie nitamrudishia! Haya, shemeji, kesho—

MWENYE PIKAPU: Ngoja! Shemeji! Njoo na makopo mawili. Lile moja halikuto—

FUNDI: Haloo? Haloo, shemeji? [simu imekatika] Ungeniomba tu, dada. Ningekupa hata matatu.