Herufi Mbili Getini kwa Gaolathe

Benchi liko nje ya kibanda changu cha cherehani, hapa Serowe, mahali jua la saa kumi huja kukaa nasi. Mwezi wa nane upepo hututilia vumbi kwenye chai, nasi tunakunywa tu. Jirani tunayemwita Redio, maana maneno yake hayazimwi, hukaa kushoto. Spana, fundi baiskeli, hukaa kulia. Siku hiyo Gaolathe alikaa katikati na kopo la rangi magotini, akasema anakwenda kufuta "bo" getini kwake.

Kwetu huiti nyumba kwa jina la mtu mmoja. Unasimama getini unaita boGaolathe, yaani Gaolathe na wote alio nao. Maandishi ya geti lile ni ya mkewe, Segametsi, kwa mkono wake. Tulimzika mwezi wa tano. Tangu hapo sisi majirani, tukidhani tunamhurumia, tukawa tunaita Gaolathe, basi. Hata mimi niliyemshonea kitambaa cheusi cha msiba.

— Nimebaki mmoja, alisema. Geti lisidanganye watu.

— Si una mbuzi, Rra, mzee wangu? Spana akauliza.

— Wanne.

— Basi mko watano. Acha geti la watu.

Redio akasema mbuzi hawaitiki hodi, hesabu hiyo mbovu. Hoja yake yeye ilianzia kwenye maji. Kwa lugha yetu maji hayana umoja, wala maziwa. Tone moja likining'inia bombani, tayari tunalitaja kama kundi.

— Na mtu kajaa maji, alisema. Nani hapa amewahi kuwa mmoja?

Spana hakukubali kushindwa. Akadai kivuli cha Segametsi hatukukizika, maana siku ile kulikuwa na mawingu. Kwa hiyo kipo tu pale uani, kinazunguka na jua. Tulitazama vivuli vyetu vimelala vumbini, vimeingiliana, hata sikujua changu kinaishia wapi. Nilimwonea Gaolathe uchungu. Alikuwa ameshaanza kufungua kopo kwa ncha ya mkasi wangu.

Ndipo akaja mama mmoja na chungu cha miguu mitatu kichwani. Akatusalimu, akakitua, akaomba radhi kwa kuchelewa. Alisema anasali kanisa moja na Segametsi, ndiye aliyemwazima chungu hicho kabla ya baridi, kisha yeye akaenda Maun kulea mjukuu. Hakuwahi kumwona mume wa Segametsi.

— Nimeita sana pale getini, kimya. BoGaolathe wapo?

Redio alizimika. Spana akainamia kikombe chake. Mimi nilikuwa na pini mdomoni, nikashukuru kuwa nazo.

Gaolathe akabana kifuniko cha kopo kwa kiganja mpaka kikalia. Akainuka, akakipokea chungu kwa mikono miwili.

— Tupo, mama, alisema. Kaa kwanza unywe chai. Kisha nitakueleza tulivyo.

Birika lilikuwa tupu. Niliingia ndani kuchemsha maji mengine, na nilikawia huko kwa makusudi.

Kesho yake asubuhi nilipita kwake. Maandishi ya Segametsi yalikuwa palepale. Nikasimama, nikaita boGaolathe kwa sauti ya zamani, nikangoja mpaka wakaitika.