Kampuni ya Rangi Imenyamaza

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia hawajawahi kukosa la kusema juu ya jambo lolote chini ya jua. Asubuhi hiyo lakini, Mashine, kinyozi mwenyewe, alikuwa hana raha hata kidogo. Alikuwa akiusoma na kuurudia ujumbe wa dalali wa hisa: ile kampuni ya rangi imemaliza mwaka wa pili bila kutoa hesabu zake, na soko la hisa limesimamisha hisa zake. Huuzi, hununui, unakaa tu. Wenzake wa benchi walikuwa na hisa chache, za kujifurahisha. Zake zilikuwa nyingi, na nusu hazikuwa zake. Zilikuwa za mama mkwe, aliyeuza kuku wake wote pamoja na banda baada ya Mashine kumwambia, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba kuku wanakufa lakini hisa hazifi. Sasa mama anataka fedha zake akapasuliwe mtoto wa jicho, na yuko njiani anakuja.

— Soma tena, — alisema Breki, dereva mstaafu aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuzitumia.

— "Hadi kampuni itakapowasilisha taarifa za fedha."

— Basi si watawasilisha? Makaratasi tu hayo.

— Mwaka jana ulisema hivyo hivyo.

— Mwaka jana nilikuwa sijanywa kahawa.

Wakili alikohoa. Kazi yake ni kuwapigia watu chapa barua zao nje ya mahakama, na ameifanya mpaka amejiona hakimu.

— Nisikilizeni mimi. Hesabu zipo, zimekamilika. Ila faida imezidi, wanaona haya kuitangaza.

— Haya ya faida?

— Ndiyo! Wakitangaza, mtadai gawio. Kwa hiyo wananyamaza, nyinyi wenye roho nyepesi muingiwe na hofu, muuze kwa bei ya kutupa.

— Tutauzaje, na kuuza kwenyewe kumefungwa? — aliuliza Mashine.

Wakili akanywa kahawa.

— Mhasibu amekimbia, — Breki akakata kauli. — Na kompyuta kaibeba. Saa hizi yuko mahali anastarehe.

— Miaka miwili hawajapata mwingine?

— Wanapata! Kila anayeajiriwa akifungua yale makabati, anatoka mbio. Mle ndani mna kitu, bwana.

— Kitu gani?

— Ningejua si ningekuwa mkurugenzi?

— Fundi, na mimi je? — mteja aliita kutoka ndani, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

— Subiri kidogo, kaka. Nakuja.

Hakwenda. Aliufungua tena ujumbe wa dalali.

— Umewapigia? — Wakili aliuliza.

— Kila siku napigiwa muziki. Jana dada mmoja akapokea. Akasema hesabu ziko kwa wakaguzi. Nikamuuliza wakaguzi gani. Akasema bado wanatafutwa.



— Twende kwenye mkutano wa wanahisa, tukawabane, — alisema Wakili.

— Mkutano hauitishwi mpaka hesabu zitoke.

— Basi mimi nasema kampuni yenyewe haipo, — alisema Breki. — Ule ukuta wao mrefu wameupaka rangi tu. Nyuma yake ni uwanja mtupu.

— Moshi unatoka pale kila siku!

— Wanachoma takataka.

— Breki, unataka kuniua kwa presha!

Hapo ndipo mama mkwe alipotokea, akija polepole huku akipapasa ukuta. Mashine aliruka, akampokea mkono.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mkwe wangu. Sauti naijua, sura ndiyo siioni.

Wakili akasogea, mama akakaa upande wenye miguu mizima.

— Daktari amenipa nafasi wiki ijayo, — alisema. — Nimekuja tu nijue.

Mashine akamweleza, ulimi mzito. Hazijapotea, mama, zimesimamishwa. Hesabu hazijatoka. Alitegemea alaaniwe pale pale mbele za watu, na moyoni aliona afadhali iwe hivyo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri.

— Na hao wakubwa wa kampuni, — aliuliza, — fedha zao wenyewe bado zimo humo?

Swali hilo ndilo hasa ambalo hesabu zingelijibu.

— Wakili, unaulizwa, — Breki alinong'ona.

— Tumeulizwa wote.

Mama, kwa kuwa haoni vizuri, hakujua kwamba wote watatu wameinamisha vichwa. Alingoja, uso ameuelekeza pale aliposikia sauti ya mkwewe mara ya mwisho.

— Mkwe wangu, — alisema, — bado upo hapo?