Nafasi ya Kushoto Kwenye Maikrofoni: Marehemu Delmer Coy Stidham, 1938–2018

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu aliacha maagizo mawili kuhusu siku ya leo. La kwanza, asivalishwe tai. La pili, wasifu wake usipakwe sukari. "Mkisema nilikuwa mtu mpole," alimwambia mkewe Arminta wiki mbili kabla ya kufariki, "nitainuka humo sandukuni niwachape wote, naanza na mchungaji." Tai hana, kama mnavyomwona. Agizo la pili linatekelezwa sasa, na mchungaji ameombwa avumilie.

Delmer Coy Stidham alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Februari 1938, katika bonde la Bear Lick, kaunti ya Letcher, Kentucky. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Ezra Stidham, mchimba makaa na mpiga banjo, na mkewe Ocie. Mdogo wake wa pekee, Verlin, alizaliwa mwaka 1941. Tarehe 17 Septemba 1946, wakati wa mgomo, walinzi wa kampuni ya makaa walimpiga Ezra risasi mbili za kifua akiwa amekaa barazani kwake anakaza nyuzi. Ocie alitoka na bunduki ya kuwindia sungura, akammiminia mmoja wao marisawa ya matakoni, na inasemekana yule bwana alikula kwa kusimama mpaka Krismasi. Lakini Ezra alikuwa ameshakata roho. Delmer, mwenye miaka minane, aliifuta damu kwenye banjo kwa shati lake mwenyewe, na mama akawaweka wanawe wawili mbele ya maiti akawaambia: "Mwangalieni vizuri. Mtu yeyote anayewapita wagomaji kwenda kazini, huyo ndiye aliyemuua baba yenu. Hata awe nani." Maneno hayo Delmer aliyameza mazima, na miaka ishirini na mitano baadaye yalimtokea puani.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja ya Bear Lick, akamaliza darasa la nane mwaka 1952. Krismasi ya 1949 mwalimu wao, Bi Maudie Profitt, aliwaomba ndugu hao wawili waimbe wimbo wowote unaofaa kwa wazazi. Wao wakaimba ule waliofundishwa na bibi yao, wa kijana anayempeleka mchumba wake mtoni na kumzamisha, beti kumi na moja. Walipofika ubeti wa saba, binti akiwa bado anapigania roho majini, Bi Maudie alipanda jukwaani na fimbo. "Mwalimu, subiri," Verlin alimwambia, "bado hajafa!" Walichapwa wote wawili, na Delmer alichapwa zaidi kwa sababu aliikamata fimbo na kuivunja gotini. Hata hivyo watu waliokuwepo hawakusahau walichosikia: Delmer sauti ya chini, Verlin ya juu kabisa, na hakuna aliyeweza kuonyesha mahali zilipoungana.

Aliingia mgodini mwaka 1954, akiwa na miaka kumi na sita, na alifanya kazi chini ya ardhi kwa miaka thelathini na moja. Verlin alimfuata mwaka 1958. Jumamosi walikuwa Ndugu Stidham, Delmer na banjo ya baba, Verlin na fidla, wakipiga bluegrass, muziki wa milimani wa banjo na fidla, katika kila ukumbi uliokuwa na paa kutoka hapa mpaka Virginia. Walipiga kwa maikrofoni moja, kama walivyofanya wote wa enzi zao. Zamu yako ya kupiga ikifika unasogea mbele, ikiisha unarudi nyuma, na wakati wa kuimba kila mtu ana nafasi yake. Verlin alisimama kushoto kwa kaka yake. Kumbi zenyewe zilikuwa za walevi, visu vikitoka haraka kuliko pesa ya kiingilio. Banjo ya marehemu ilikuwa na pete nzito ya chuma ndani, na inajulikana kwamba ilishushwa kwenye vichwa vitatu kwa nyakati tofauti. Mara zote tatu wimbo uliendelea, na marehemu alijivunia kwamba hakulazimika hata kukaza nyuzi upya.

Alimwoa Arminta Combs Jumamosi, tarehe 11 Juni 1960, katika kanisa ambalo mpaka leo haliruhusu chombo chochote cha muziki mlangoni. Baba mkwe aliiita banjo sanduku la shetani. Asubuhi ya harusi kaka watatu wa bibi harusi walimngoja Delmer darajani na mipini ya mashoka. Yeye na Verlin walipigana nao kwa muda usiopungua nusu saa. Mmoja alivunjika taya, mwingine alitupwa mtoni na suti yake, na sikio la Delmer lilining'inia mpaka mama yake alipolishona kwa uzi mweusi kwenye ngazi za kanisa. Picha iko ukurasa wa tatu wa kijitabu mlichopewa mlangoni, na lile doa kwenye kola si kosa la mpiga chapa. Arminta alipofika mbele ya madhabahu alimnong'oneza, "Sasa nani kashinda?" Akajibiwa, "Si anayeoa?" Walijaliwa mtoto mmoja, Harless, na waliishi pamoja miaka hamsini na saba.

Sasa inafika mwaka 1971, na hapa ndipo wengine wangependa kurasa zigeuzwe upesi. Hazitageuzwa.

Mgomo ulikuwa na mwezi wa tano. Verlin alikuwa na binti wa miaka mitatu, figo zake zikiwa zimeoza, na hospitali ya kampuni ilipokea familia za waliokuwa kazini tu. Kwa siku tisa Verlin alipita njia ya nyuma ya mlima na kuingia mgodini kwa siri. Hakumwambia kaka yake, kwa sababu na yeye alisimama mbele ya maiti ya baba yao na kusikia yaliyosemwa. Ijumaa tarehe 12 Machi mtoto alipasuliwa, akapona. Mtoto huyo ni Twila, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu.

Jumatatu tarehe 15 Machi wagomaji waliziba njia ya nyuma. Pikapu ya kwanza kutokea ilikuwa ya Verlin. Delmer ndiye aliyeufungua mlango.

"Shuka."

"Kaka, nipishe. Jioni nitakueleza."

"Nimesema shuka, msaliti wee!"

"Delmer, nisikilize, mtoto..."

Hakumwacha amalize. Alimvuta nje kwa nywele, akampiga ngumi mpaka akapiga magoti, akauchukua mkono wake wa kushoto, ule wa kubonyezea nyuzi za fidla, akauweka kwenye fremu ya mlango. Akaubamiza mlango mara tatu. Kila mara alisema, "Hii ya baba." Wanaume arobaini walikuwepo, na hakuna aliyemshika. Baadhi yenu mmekaa humu.

Kidole kidogo kilikatwa hospitalini siku hiyohiyo, na vile vingine vitatu vilipona vikiwa vimepinda. Saa saba mchana mke wa Verlin alimwambia Arminta habari za mtoto, naye Arminta akamfuata Delmer kwenye kizuizi, akamtandika kibao mbele ya wenzake na kumweleza kwa nini. Delmer alikimbia kwa miguu maili nne mpaka hospitalini. Alimkuta ndugu yake amefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Verlin hakupiga kelele. Alisema, "Mkono umeshaumaliza. Na sauti yangu hutaisikia tena, mpaka mmoja wetu afe." Marehemu alisema mara nyingi kwamba angependelea kupigwa risasi.

Miaka arobaini na mitano walikaa bonde moja, nyumba zao zikiachana maili mbili, na hawakusalimiana. Mama yao alipozikwa mwaka 1984 walisimama pande mbili za kaburi wakitazamana kama mbwa waliofungwa minyororo. Delmer aliendelea kupiga na kuimba, na jina lake lilikua. Kwenye maikrofoni aliiacha nafasi ya kushoto wazi, na sauti ya juu hakumruhusu mtu aiguse. Magazeti yaliandika kwamba ni unyenyekevu wa watu wa milimani. Haukuwa unyenyekevu. Alikuwa anamngoja mtu, na miaka ilikuwa inakwenda. Kila tarehe 12 Machi Twila alikuta kitu juu ya uzio: mwanasesere wa mti, viatu, baadaye vitabu vya chuo. Hakikuwa na jina. Baba yake alikitazama, akasema, "Chukua, hakina sumu," akaingia ndani.

Vumbi la makaa lilianza kumla mapafu, na mwaka 2009 madaktari wakampa jina la ugonjwa ambalo kila nyumba humu inalijua. Kufikia 2016 alitembea na mtungi wa oksijeni na mirija puani. Mwaka huo watu wa kaunti waliandaa tamasha la kuuenzi muziki wa bluegrass na nyimbo kongwe za milima hii, na kumuenzi yeye aliyebaki miongoni mwa waliozibeba. Lilifanyika mchana wa Jumamosi, tarehe 15 Oktoba, katika ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari, watu mia tisa, bendi kumi na moja, na harufu ya maharage na mkate wa mahindi kutoka jikoni. Siku tatu kabla yake Arminta alichukua simu akampigia Verlin. "Shemeji," alimwambia, "huyu mzee anakufa. Kama unataka kumpiga, njoo umpige. Lakini njoo." Verlin alikata simu.

Waandaaji, wengi wao watu wazuri kutoka mjini, walifanya kosa moja. Waliona nafasi tupu, wakaijaza. Marehemu alipoanza ule wimbo wa mtoni, mwimbaji mmoja mashuhuri, Colby Rasnake, alisogea kushoto kwake na kuanza sauti ya juu, tena kwa ufundi. Delmer aliuweka mkono juu ya nyuzi.

"Kijana, toka hapo."

"Mzee, mbona nimepangiwa hapa?"

"Aliyekupangia hajui. Hapo pana mwenyewe."

"Na mwenyewe kafika!" ilisikika sauti kutoka mlangoni.

Verlin, miaka sabini na mitano, alishuka katikati ya viti bila haraka. Alipanda jukwaani, akamsogeza Colby pembeni kama mtu anayesogeza kiti, akampiga kaka yake ngumi ya mdomo kwa mkono uleule uliopinda. Mirija iliruka. Twila alipiga kelele kutoka safu ya pili, "Baba! Ana oksijeni!" Verlin akajibu, "Naiona!" akampiga ya pili. Delmer akaanguka chali, damu imejaa kidevuni na kwenye shati jeupe, na jino moja likabaki sakafuni. Vijana wanne walimrukia Verlin. Delmer akainua mkono kutoka chini.

"Mwacheni! Mwacheni, nasema. Mlango niliubamiza mara tatu. Nimepata mbili."

"Ya tatu naitunza," Verlin alisema, akihema. Kisha akainama, akamrudishia mirija puani, akamwinua kwa kwapa. Wazee hao wawili walisimama mbele ya maikrofoni, wa kushoto kushoto.

"Tuliishia wapi?" Verlin akauliza.

"Ubeti wa saba. Bado hajafa."

Wakaanzia wa nane. Damu ya Delmer ilidondokea banjo ya baba yake, na hakuna aliyeifuta. Waliokuwepo wanasema Arminta ndiye aliyekuwa wa kwanza kulia. Si kweli, alikuwa Colby Rasnake.

Miezi kumi na saba iliyofuata ilikuwa bora kuliko ile miaka arobaini na mitano. Kila Jumapili baada ya chakula waliimba jikoni kwa Arminta. Waligombana pia, kwa sababu walikuwa wao: sahani zilivunjika, na siku moja Verlin alirushiwa sufuria. Kila Delmer alipouliza, "Ya tatu vipi?" alijibiwa, "Subiri." Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 3 Machi 2018, saa kumi jioni, baada ya kupigania pumzi kwa siku mbili kama alivyopigania kila kitu, mkono wake ukiwa ndani ya ule uliopinda. Alipotulia, Verlin alisema, "Haya. Ya tatu umenipiga wewe."

Ameacha mke, Arminta, mwana, Harless, ambaye amerithi banjo kwa sharti kwamba asiishushe kwenye kichwa cha mtu, wajukuu wanne, mdogo wake, Verlin, na binti wa Verlin, Twila, ambaye anaishi kwa sababu ya mkono uliovunjwa na marehemu, na aliyempenda baba yake mkubwa hata hivyo.

Jeneza likishashuka, maikrofoni moja itawekwa kando ya kaburi. Verlin atasimama upande wake wa kushoto na kuimba ule wimbo wa mtoni, beti zote kumi na moja, sauti ya juu peke yake. Utasikika umepungukiwa, na ndivyo ulivyo. Wengi wenu mnaijua sauti ya chini. Familia inawaomba, tafadhali, mtu yeyote asimsaidie, na upande wa kulia asisimame mtu. Hapo pana mwenyewe.

Mungu ampe Delmer pumzi aliyoikosa, na apumzike, yeye ambaye hakujua kupumzika.