Sinia la Sista Masinia

Kwa miaka ishirini na mmoja nimeficha jambo moja kuhusu sinia. Nitalisema humu humu, mkinivumilia, maana mimi mpasuaji wenu wa zamani naandika nikiwa kitandani, katika wodi ileile niliyokuwa nikiipitia kila asubuhi mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

Ijumaa, tarehe 30 Juni, Sista Masinia anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kuwauguza wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana. Alianzia chumba cha upasuaji, akahamia wodini, kisha akapewa kile chumba kidogo kando ya stoo ya mashuka, chenye viti viwili na kipande cha mpira wa kumwagilia bustani.

Mpira huo umeelimisha watu kuliko sisi madaktari wote. Aliushika mbele ya mgonjwa, akakata kipande kwa mkasi, akaziunga ncha mbili zilizobaki: huo ndio upasuaji. Ncha zisipoweza kuungwa siku hiyohiyo, aliipitisha moja kwenye tundu la aproni yake: hapo ndipo unapokaa mfuko wa choo, kwa wengine miezi michache, kwa wengine maisha yote. Kisha alieleza dawa za dripu, ambazo husaka seli za saratani zilizokikimbia kisu, na mionzi, ambayo hutumika zaidi uvimbe ukiwa chini kabisa, karibu na njia ya haja kubwa.

Mama mmoja muuza vitambaa aliuliza kama mfuko unapatikana wa kijani.

"Mama, utakuwa ndani ya nguo, nani atauona?" Sista alimwambia.

"Mimi nitauona."

Kesho yake Sista alimletea kifuniko cha kijani, kakishona mwenyewe.

Mwezi wa pili mwaka huu ikawa zamu yangu kukaa kwenye kiti cha mgonjwa.

"Nikueleze kama daktari au kama mgonjwa?" aliniuliza.

"Kama mgonjwa."

"Basi kwanza nyamaza."

Nikanyamaza, jambo ambalo wauguzi wa zamani hawataliamini. Alinieleza kwamba ugonjwa umeshafika kwenye ini na kisu hakitanifaa. Kwamba dripu zingeweza kunisogezea miezi kadhaa, ila mwili wangu umechoka na zingenisumbua. Na kwamba kutuliza maumivu nako ni matibabu, wala si kukata tamaa. Nimechagua hilo la mwisho. Ndiyo maana nina haraka.

Jina lake mnajua lilikotoka. Siku ya kumpasua fundi seremala, Sista aliangusha sinia zima la vifaa, vikasambaa hadi mlangoni. Tulikaa nusu saa tukisubiri vingine. Nilimwandikia barua ya onyo kwa uzembe, nikaisaini kwa wino mwingi, na mpaka leo imo kwenye faili lake. Hakuipinga. Tangu hapo hakuna sherehe inayopita bila mtu kupiga kelele, "Keki asibebe Masinia!" naye hucheka kuwashinda wote. Hata fundi mwenyewe, alipopona, alimchongea sinia la mbao, akasema hilo likianguka halitaamsha mgonjwa. Lipo mezani kwake, limebeba mpira na mkasi.

Dada yangu, asante kwa kila uliyemfanya acheke akiwa na hofu, na mimi nimo. Nenda ukalale mpaka jua likuchoshe. Mpira tuachie.

Ninalo ombi kwa matroni: atoe ile barua kwenye faili, aweke ukurasa huu mahali pake. Siku ile, picha ya eksirei ya utumbo wa fundi niliitundika mimi kwenye taa, nikaigeuza bila kujua, kushoto kukawa kulia. Sista aliniambia kwa sauti ya chini, "Daktari, hebu itazame tena picha." Nikamjibu, "Sista, hapa mpasuaji ni nani?" Kisu nilikuwa nimeshakishika, juu ya upande usio na ugonjwa. Vifaa vilipoletwa upya, niliikuta picha imegeuzwa inavyotakiwa. Nikahamia upande wa pili bila kusema neno, na jioni ile nikaandika barua.

Sinia halikumponyoka. Aliliangusha.