Watoto Watano wa Nonie Mannion

Padri, majirani, na ninyi mliovuka maji kutoka Huddersfield, mimi ni Sabina, mdogo wake marehemu, miguu yangu ina miaka themanini na moja, kwa hiyo nitasoma mara moja tu. Karatasi hii niliiandika mwenyewe. Juzi Colman, mtoto wa dada yangu, aliisoma jikoni kwangu, akakata neno watano akaandika wanne, akasema, “Mama mdogo, mwache mama aende kwa heshima, usimvue nguo mbele ya watu.” Nikamwambia, “Aliyekuvua wewe nepi ndiye aliyeniagiza.” Hatukuelewana, chai ikapoa. Dada aliniomba jambo moja kabla hajafa, kwamba siku ya kuzikwa kwake wasomwe watoto wake wote, nami nitawasoma.

Marehemu Honoria, ambaye hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mwalimu na daktari, sisi wengine tukimwita Nonie, alizaliwa hapa Doonreagh tarehe 14 Mei 1935, mtoto wa kwanza wa Máirtín na Barbara Mulkerrin, akasoma shule yetu ya vyumba viwili hadi mwaka 1948, akajua kusoma, kuandika na kujumlisha, akanipita mimi ambaye nilitolewa mapema kwenda kuvuna mwani na baba. Mwaka 1953 alikwenda Huddersfield, Uingereza, kufanya kazi katika kiwanda cha sufu, akarudi mwaka 1956 na koti la kijani ambalo kijiji kizima kililisema, na tarehe 24 Aprili 1957 akafunga ndoa na Festus Mannion, mtu mpole, mzuri wa sura, asiyejua kuchinja hata kuku.

Festus alikuwa Uingereza akichimba barabara, Jumapili ya tarehe 9 Februari 1958, dada aliposhikwa na uchungu nyumbani kwa wazazi wetu, kabla ya wakati wake. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi vizingitini, mkunga alipotea njia na baiskeli yake, Padri wa wakati ule alikuwa madhabahuni, mama alikuwa amemshika dada asizimie, na mtoto, msichana, akawekwa mikononi mwangu mimi wa miaka kumi na mitano. Nilimwona akivuta pumzi. Nilikwenda naye jikoni, nikachota maji kwenye ndoo ya viazi, nikammiminia kichwani, nikasema nakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na jina lililonijia mdomoni lilikuwa Delia. Akavuta pumzi mara mbili tena, basi.

Baba aliingia akamkuta ametulia, kichwa kimelowa, akaniambia, “Umebatiza maiti wewe, hiyo ni dhambi, na ukiitaja nje ya nyumba hii utanitambua.” Kesho yake kulipopambazuka alimchukua mtoto ndani ya kisanduku cha mbao za kasha la majani ya chai, akampeleka Killeen, ule uwanja ng'ambo ya kijito ambako wazee wetu walizika watoto wasiobatizwa, kwa kuwa kanisa liliwakatalia udongo wake. Nilimfuata kwa mbali, nikaliona jiwe aliloweka. Dada hakuambiwa ni lipi, hakuna mama aliyeambiwa siku hizo, walisema atasahau upesi.

Hakusahau. Huyo mtoto alikua katika ndoto zake. Nilikuwa nikija asubuhi namkuta anakanda mkate, ananiambia jana mtoto kaota jino, mwaka mwingine ananiambia siku hizi ana nywele ndefu, anasimama kwenye ukungu upande wa pili wa kijito, viatu mkononi, na mimi namwambia ni ile nyama ya nguruwe unayokula jioni. Mtoto akawa msichana, akawa mama mtu mzima, mvi zikamwingia, dada akinisimulia kama mtu anayesoma barua kutoka Amerika, ila alisema kila akitaka kumwita hana jina la kumwitia, naye yule anatazama baharini hageuki. Nilisikia hayo miaka sitini na sita na kinywa changu kimefungwa, kwanza kwa kumwogopa baba, na baba alipokufa, kwa aibu ya kuwa nimechelewa.

Katika miaka hiyo alipika shuleni Doonreagh, kuanzia Septemba 1971 hadi Juni 1993, na wengi wenu hapa mmekula kabichi yake mkilalamika. Festus alitangulia tarehe 2 Oktoba 2006.

Moyo wake ulianza kusumbua mwaka 2022, akalazwa Galway mara tatu, na mwezi wa Machi mwaka huu, nikimlisha uji, nikamwambia yote. Alinitazama. “Miaka yote hiyo, we mchawi?” Nikasema ndiyo. “Delia? Jina la yule shangazi mwenye ndevu?” Nikasema, “Ulitaka nikae kwanza nifikirie?” Akacheka hadi nesi akaja kumtazama, halafu akageukia ukutani, na siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu akasema, “Nimemwita usiku, akageuka. Ana macho ya Festus.” Hakuniambia kama amenisamehe, nami sikuuliza.

Alifariki Jumapili tarehe 3 Novemba 2024, nyumbani kwake, saa mbili asubuhi. Marehemu alijaliwa watoto watano, Delia, aliyezaliwa akabatizwa na kufa tarehe 9 Februari 1958, Colman wa 1959, Assumpta wa 1961, Malachy wa 1964 na Ita wa 1968, na wajukuu kumi na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Galway, majirani walioleta mikate na kukesha naye, wapishi wenzake wa shule, na Padri, aliyekubali bila kuniuliza maswali mengi kwamba jeneza likielekea makaburini lipitie njia ya kijito na kutuliwa langoni Killeen, kwa muda wa Baba Yetu moja.

Leo alfajiri Colman alinikuta pale langoni. Hakusema kitu kuhusu karatasi. Aliniuliza, “Ni lipi, mama mdogo?” Nikamwonyesha kwa fimbo, la tatu kutoka kwenye mti wa miiba, akaenda akapiga magoti kwenye majani yenye maji na suruali yake ya mazishi, akaanza kung'oa magugu kwa mikono, nami nikamwacha na dada yake.

Nonie, nimesoma wote. Pumzikeni kwa amani, wewe na Delia.